Nati Bila Splitipini, Sahihi Tatu Kwenye Kadi: Kosa Lilipitaje?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa mwaka wa tatu kwenye karakana ya ndege ndogo hapa Dar es Salaam. Wiki iliyopita tulifungua paneli chini ya bawa la kulia kwa kazi nyingine kabisa, tukakuta nati ya bolti inayoshika fimbo ya eleroni (ule ubapa wa ukingo wa nyuma wa bawa unaoilaza ndege kushoto au kulia) haina splitipini, kile kipini cha miguu miwili kinachozuia nati isifunguke. Nati yenyewe ipo, lakini imelegea karibu mzunguko mzima. Mara ya mwisho pale kuguswa ni wiki tisa nyuma, na kadi ya kazi ina sahihi tatu: ya fundi, ya mkaguzi wa kwanza na ya mkaguzi wa pili. Wote nawafahamu, si watu wa mchezo, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kazi. Ndege imekwenda Zanzibar na Mafia karibu kila siku muda wote huo. Watu watatu wanasainije kitu ambacho hakipo? Hawakuangalia? Mwezi ujao karakana inanipa idhini ya kusaini kama mkaguzi wa pili, na kusema kweli naogopa. Nikague vipi? Na nikiambiwa nisaini haraka kwa kuwa abiria wanasubiri, nijibu nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kuna jambo hukuliuliza, na lenyewe halisubiri. Je, bawa la kushoto limefunguliwa? Kama kazi ile ilifanyika pande zote mbili, usiku mmoja na kwa mikono ileile, kosa la kulia linaweza kuwa na pacha wake kushoto. Kama timu hiyohiyo ilifanya kazi ya aina hiyo kwenye ndege nyingine katika siku zile, nazo zifunguliwe, na zifunguliwe kabla ya safari zake zinazofuata, siyo ikifika zamu ya matengenezo.

Nasema hivi kwa sababu kosa la mazoea halitokei mara moja. Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Air Lines aina ya L-1011 iliondoka Miami kwenda Nassau ikiwa na watu 172. Injini zake zote tatu zilivuja oili kwa sababu moja: usiku uliotangulia, vile vifaa vinavyonasa chembe za chuma kwenye oili vilibadilishwa bila kuwekwa oringi, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje. Mafundi walizoea kuvichukua vikiwa vimeshavalishwa oringi. Usiku ule vilitoka stoo vitupu, na kilichofanyika kwenye injini ya kwanza kikafanyika kwenye ya pili na ya tatu. Rubani alikuwa amezima injini moja mapema alipoona presha ya oili inashuka. Mbili zilizobaki zilipozimika zenyewe, aliiwasha upya ile aliyoizima mapema na kurudi nayo Miami. Wote walipona. Kwa hiyo ukiona kosa moja, swali la kwanza liwe: mkono huu ulipita wapi kwingine?

Sasa tuje kwenye swali lako. Unauliza kama hawakuangalia. Inawezekana, na uzembe upo, siukatai. Ila ukilibandika neno uzembe mapema, utamkemea mtu mmoja na kuuacha wazi mlango ambao kosa lilipitia. Mara nyingi mkaguzi wa namna hii ameangalia kweli. Amepiga tochi ndani ya paneli, ameona bolti, ameona nati, ameona grisi safi, akaridhika. Macho yetu yamezoea kutafuta kilichoharibika: kebo iliyochanika, nyufa, oili inayovuja. Vitu hivyo vinajitangaza. Kitu ambacho hakipo hakina rangi wala umbo la kukuvuta, na ubongo wa fundi aliyeona kiungo kama kile mara elfu hujazia wenyewe kilichopungua. Kadiri ulivyo mzoefu, ndivyo unavyojaziwa haraka. Ndiyo maana usishangae kuona jina la mwalimu wako kwenye kadi hiyo.

Fikiria jinsi nati ile ilivyoweza kubaki vile. Wakati wa kurekebisha mwendo wa eleroni, fimbo hufungwa na kufunguliwa mara kadhaa mpaka vipimo vikae sawa. Hakuna fundi anayetia splitipini kila mara. Huweka nati kwa vidole, anapima, anafungua tena. Kipimo kinapokubali, ndipo nati hukazwa na pini kutiwa. Hapo katikati mtu akiitwa kwenda kusaidia kusukuma ndege, au simu ikilia, au zamu ikiisha, kinachobaki ni kiungo kinachofanana kabisa na kilichomalizika. Anayekuja baada yake anaona nati mahali pake. Hana sababu ya kushuku.

Na kwa nini nati ilianza kufunguka? Kiungo hicho hakikazwi kwa nguvu nyingi kama bolti ya gurudumu, kwa kuwa fimbo inatakiwa iweze kuzunguka kwenye bolti yake. Kila eleroni inapopanda na kushuka, bolti inapata msukosuko mdogo wa kuzunguka. Nati ya ngome, ile yenye meno juu, haina kitu kingine cha kuizuia zaidi ya pini inayopita kwenye tundu la bolti. Bila pini, kila safari inaifungua kidogo. Kuruka wiki tisa bila tatizo hakumaanishi ilikuwa salama. Ilikuwa safarini kuelekea kudondoka. Hili la "mbona imeruka vizuri" limewadanganya wengi. Tarehe 8 Januari 2003 ndege ya Beech 1900D ya Air Midwest ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Charlotte, Marekani, watu wote 21 wakafa. Kebo za elevata, ubapa wa mkiani unaoinua na kushusha pua ya ndege, zilikuwa zimerekebishwa vibaya, kiasi kwamba rubani hakuweza kuishusha pua ya kutosha. Ndege ilikuwa imeruka mara 9 tangu kazi ile ifanyike. Safari ya kumi ilikuwa na mzigo mzito zaidi, umekaa nyuma zaidi, na hapo ndipo mwendo uliopungua ulipohitajika.

Ajali hiyo ina jambo jingine linalokuhusu moja kwa moja. Fundi aliyefanya kazi ile alikuwa bado anafundishwa kazi hiyo, hajawahi kurekebisha kebo za ndege ya aina hiyo. Aliyekuwa anamfundisha ndiye huyohuyo aliyekuwa mkaguzi wa kazi. Waliruka baadhi ya hatua kwa makubaliano yao wawili, na ikawa hakuna jicho la tatu. Mkaguzi aliyeshiriki uamuzi hawezi kuukagua, anajikagua mwenyewe. Kwa hiyo sahihi tatu kwenye kadi yako zisikutishe wala zisikutulize. Uliza kwanza: je, hao watatu waliangalia kwa nyakati tatu, kila mmoja peke yake? Au walisimama pamoja chini ya bawa, mmoja akamulika, mwingine akasema "iko sawa", wa tatu akatikisa kichwa? Mara nyingi wa kwanza hupunguza umakini kwa kuwa wa pili yupo, na wa pili hupunguza kwa kuwa wa kwanza ameshapita. Hapo kadi inakuwa na majina matatu na ukaguzi usiofika hata mmoja.

Kuna makosa ambayo hata mkaguzi bora hawezi kuyaona kwa kuwa amechelewa kufika. Boeing 747 ya Japan Airlines iliyoanguka tarehe 12 Agosti 1985 na kuua watu 520 ilikuwa imetengenezwa ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya kabati, baada ya mkia kugonga ardhi mwaka 1978. Bamba la kuunganishia lililotakiwa kuwa kipande kimoja lilikatwa vipande viwili, na sehemu ya kiungo ikabaki imeshikwa na safu moja ya ribiti badala ya mbili. Gundi ya kuziba ilipokwisha kupakwa, ukingo ulionekana safi. Ndege iliruka zaidi ya safari 12,000 kabla ukuta haujapasuka. Ukaguzi wa kuangalia, hata ukirudiwa mara mia, usingeona kilicho chini ya gundi. Kazi inayofunikwa hukaguliwa kabla ya kufunikwa. Ukiitwa kukagua ukakuta paneli imeshafungwa, jibu lako ni moja: ifunguliwe.

Mengine hufanana mno na usahihi. Juni 1990 kioo cha mbele cha ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven kilifyatuka angani, na kapteni akavutwa nje nusu mwili. Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari ile, usiku wa manane. Kati ya bolti 90, bolti 84 zilikuwa nyembamba kwa inchi 0.026, yaani chini ya milimita moja, na 6 zilikuwa fupi. Zilichaguliwa kwa kulinganishwa kwa macho na bolti ya zamani. Hata hiyo ya zamani haikuwa saizi iliyotakiwa. Na kwa vile kioo hakikuwekwa kwenye orodha ya sehemu zinazohitaji ukaguzi wa pili, hakuna mwingine aliyeangalia. Namba ya kifaa husomwa kwenye katalogi ya vipuri, kisha kwenye pakiti, kisha kwenye kifaa chenyewe. Kilichotolewa kwenye ndege ni ushahidi wa alichoweka mtu wa kabla yako. Kama naye alikosea, utakinakili kosa lake.

Sasa nikueleze namna ya kuangalia kiungo kama kile, kwa kuwa hapa ndipo kazi yako itakapokuwa.

Usianze na tochi. Anza na karatasi. Fungua mwenyewe kitabu cha mtengenezaji, toleo linalotumika sasa, na uandike pembeni vitu vyote vinavyotakiwa kuwa kwenye kiungo hicho: bolti namba fulani, washa ngapi na upande gani, nati, splitipini, na kichwa cha bolti kinaelekea wapi. Kwa kawaida kichwa huelekezwa juu au mbele, ili nati ikidondoka bolti isitoke kirahisi. Sasa una hesabu mkononi. Unapoingia chini ya bawa hutafuti "kama kuna tatizo". Unatafuta vitu vitano vilivyoandikwa, kimoja baada ya kingine, na kila unachokiona unakitia alama. Hii ndiyo dawa ya kitu kisichokuwepo: kwenye karatasi kipo, kwenye ndege hakipo, na sasa pengo linakupigia kelele.

Kisha mwombe fundi aliyefanya kazi asogee, na asikusimulie. Akikwambia "pini nimetia hapo nyuma", tayari amekupa picha, na jicho lako litaitafuta picha hiyo na kuipata hata kama haipo. Atakueleza baada ya wewe kumaliza.

Ndipo tochi. Imulike kutoka ubavuni, siyo usoni, ili pini itupe kivuli. Tundu la bolti mara nyingi linaangalia upande ambao hujasimama, kwa hiyo ingiza kioo cha mkono chenye shingo ndefu, kisha peleka kidole. Ncha ya kidole husikia miguu miwili ya pini ikichoma kidogo. Ukigusa duara laini la nati na mwisho wa bolti bila kuchomwa na kitu, hakuna pini pale, hata kama macho yako yalikwisha kuridhika. Grisi ikiwa nyingi, ifute kwanza. Donge la grisi kwenye meno ya nati linaonekana kama kichwa cha pini. Pini iwe mpya, haitumiki mara mbili. Kichwa chake kikae ndani ya jino la nati, mguu mmoja upindwe juu ya mwisho wa bolti, mwingine ushuke kwenye ubavu wa nati bila kugusa washa. Kama tundu halikulingana na jino, nati haifunguliwi nyuma ili pini ipite; inakazwa mbele hadi jino linalofuata, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa. Ikishindikana, washa au nati inabadilishwa.

Baada ya kuona na kugusa, hesabu tena kwa njia nyingine. Muulize fundi stoo ilimpa pini ngapi. Kama alichukua 4 kwa viungo 4, pakiti iwe tupu na pini 4 za zamani ziwe kwenye kikopo. Ikibaki mpya moja, kuna kiungo kinaidai. Ni hesabu ya dakika mbili, na haidanganywi na mazoea ya jicho.

Mwisho ni kupima mwendo. Mmoja anakaa chumba cha rubani, mwingine nje. Usukani ukizungushwa kushoto, eleroni ya kushoto ipande na ya kulia ishuke. Usukani ukivutwa nyuma, elevata ipande. Pedali ya kushoto ikikanyagwa, ubapa wa wima mkiani uelekee kushoto. Na hapa namna ya kuuliza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukimuuliza aliye nje, "Imepanda?", atasema ndiyo, kwa kuwa umeshampa jibu. Muulize, "Umeona nini?" Anayetakiwa kueleza ni lazima awe ameangalia. Tarehe 11 Novemba 2018 ndege ya Air Astana, Embraer 190, ilitoka matengenezo makubwa Ureno ikiwa na kebo za eleroni zilizopishanishwa. Marubani walihangaika nayo angani wakitaka kulia inakwenda kushoto, hadi walipofanikiwa kutua Beja. Watu 6 walikuwemo, wakasalimika. Kebo zilikuwepo, zimefungwa, zimekazwa. Upande ndio ulikuwa kinyume, na kwa kupima mwendo namna hii jambo hilo huonekana kabla ndege haijatoka hangari.

Neno kidogo kuhusu ukazaji. Alama ya rangi juu ya nati inathibitisha kwamba mtu alipaka rangi. Haithibitishi kuwa toki renchi, ile renchi inayopima nguvu ya kukaza, ilitumika. Omba namba ya toki renchi na tarehe yake ya kupimwa usahihi, viandikwe kwenye kadi. Kama fundi alitumia kipande cha kurefusha mbele ya renchi, uliza alipiga hesabu gani. Kwa mfano renchi ya inchi 10 ikiongezwa inchi 2 mbele, na kitabu kinataka paundi-inchi 120, renchi inasetiwa 100, siyo 120: unazidisha 120 kwa 10, unagawa kwa 12. Kwenye nati za kujifunga zenyewe, nguvu ya kuizungusha kabla haijakalia inaongezwa juu ya kiwango cha kitabu, isipokuwa kitabu kiseme vingine.

Kwa hapa Dar kuna la joto pia. Alumini ya bawa hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kebo. Ndege iliyoshinda juani Februari ikiingizwa hangari na kebo zikapimwa papo hapo, kipimo kitasoma mkazo mkubwa kuliko halisi. Ukilegeza ili kifuate jedwali la mkazo wa kebo kitabuni, alfajiri kebo zitakuwa zimelala. Iache ndege ipoe hadi joto lake lilingane na la hangari, kisha tumia mstari wa joto hilo kwenye jedwali. Chumvi ya bahari nayo hula vifunga taratibu, lakini hiyo si habari ya nati yako. Pini iliyoliwa na kutu huacha mabaki.

Nirudi kwenye kukatishwa kazi na kupokezana zamu, kwa kuwa naamini kosa lenu lilizaliwa hapo. Tarehe 11 Septemba 1991 ndege ya Continental Express aina ya EMB-120 ilikatika angani karibu na Eagle Lake, Texas, watu 14 wakafa. Usiku uliotangulia ilikuwa ibadilishwe mipira ya kuondolea barafu kwenye kingo za mbele za bawa la mkia. Skrubu 47 za juu upande wa kushoto zilitolewa, na mmoja wa waliosaidia kuzitoa alikuwa mkaguzi. Zamu ikabadilika. Waliopokea walifanya upande wa kulia tu na hawakuambiwa kwamba kushoto kumeguswa. Mkia wa ndege ile uko juu sana. Ukisimama chini huoni uso wa juu wa ukingo ule. Skrubu zilikuwa kwenye mfuko, pembeni. Ndege ilifanya safari ya kwanza asubuhi bila shida, ikaachia ukingo kwenye ya pili.

Yapo mambo machache yanayozuia hili, na yote ni rahisi. Kila kinachofunguliwa kiandikwe kwenye kadi saa ileile kinapofunguliwa, hata kama unatarajia kukifunga baada ya dakika tano. Mfuko wa skrubu ufungwe kwenye sehemu ilikotoka, usiwekwe kwenye ngazi wala meza. Nati iliyowekwa kwa vidole ifungwe utepe mwekundu mrefu unaoning'inia nje ya paneli. Paneli haitafungika bila mtu kuuona. Ukiitwa ukiwa katikati, ukirudi usianze ulipodhani umeishia: rudi nyuma hatua tatu na uziguse upya. Na makabidhiano ya zamu yafanyike kwenye ndege, wawili mmesimama mbele ya kazi, anayetoka akionyesha kwa mkono, siyo kwa ujumbe wa WhatsApp.

Hata ndege yenyewe inaweza kukosewa. Mei 2013 pale Heathrow, mafundi waliacha vifuniko vya injini za Airbus A319 bila kufungwa lachi zake wakaenda kuchukua kifaa. Waliporudi walienda kwenye ndege nyingine inayofanana, wakakuta vifuniko vimefungwa, wakaona kazi imekwisha. Vifuniko viling'oka wakati ndege inaruka. Soma namba ya usajili kwenye mkia kila unaporudi. Kwenye karakana yenye ndege tatu za rangi moja, hilo si jambo la mbali.

Kuhusu saa za kazi: ubongo unalegea zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri. Kile kioo cha 1990 kilifungwa saa hizo. Kama una sauti kwenye kupanga, kazi za njia za uongozaji (kebo, fimbo na viungo vinavyoiongoza ndege) zikaguliwe mapema usiku, na za kuosha na kupaka grisi zisogezwe alfajiri.

Sasa kuhusu kuambiwa usaini haraka. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Wewe ni mdogo kazini, anayekuharakisha huenda ni mtu unayempa shikamoo kila asubuhi, na kwetu kuirudia kazi ya mkubwa huonekana kama kumvunjia heshima. Adabu hiyo nayo hufungulia makosa njia, tena pana, kwa kuwa mdogo anaona aibu kuuliza na mkubwa hategemei kuulizwa. Usipambane naye kwa hoja za kanuni. Zungumzia macho yako, siyo kazi yake: "Mzee, mimi bado sijaiona pini kwa macho yangu. Naomba paneli ifunguliwe, niione, nisaini." Hujasema amekosea. Umesema kadi inataka uone, na hujaona. Mkubwa anayeijua kazi atakufungulia. Taja na muda, kwa mfano dakika 20, kwa sababu aliye kwenye presha anaogopa zaidi kuchelewa kusikojulikana mwisho.

Akikataa, una njia tatu, na kila moja ina bei. Unaweza kusaini; utaokoa asubuhi ile, na jina lako litabaki kwenye kadi hiyo kwa miaka. Unaweza kukataa na kunyamaza, lakini atatafutwa mwingine wa kusaini na ndege itaondoka vilevile, kwa hiyo umejiokoa wewe tu. Unaweza kukataa na kuandika kwenye kadi, "Ukaguzi wa pili haujafanyika, paneli imefungwa", kisha ukamjulisha mtu wa ubora. Hii ya tatu ndiyo ninayokushauri. Inaweza kukuletea wiki ngumu, pengine kununiwa. Lakini mstari huo ukishaandikwa, hakuna anayeweza kuitoa ndege kihalali bila kuujibu.

Zipo hali ambazo usisubiri ushauri wa maandishi kama huu. Ukishasaini halafu ukapata shaka, hata ukiwa umeshafika nyumbani Gongo la Mboto, piga simu karakana saa hiyohiyo na useme namba ya ndege na kiungo gani. Kama iko angani, wao wana njia ya kuwafikia marubani. Ukihisi usingizi unakuzidi, mwambie msimamizi kabla ya kushika tochi. Na kwa aina ya ndege unayoifanyia kazi, kitabu cha mtengenezaji na mhandisi mwenye leseni aliye mbele yako ndio wenye neno la mwisho kuhusu vipimo. Nilivyovitaja hapa ni vya kukufanya uelewe.

Kwa hii nati, nenda leo kwa meneja wa ubora, ana kwa ana. Peleka nakala ya kadi, picha ya nati ilivyokutwa, na nati na bolti zenyewe zikiwa kwenye mfuko wenye lebo. Bolti hiyo isirudishwe kwenye ndege kabla haijapimwa kama imeliwa. Tukio la njia ya uongozaji kukutwa halijafungwa linapaswa kuripotiwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na karakana ndiyo inayotakiwa kuandika ripoti hiyo. Muulize kama imeshapelekwa. Mwalimu wako naye mfuate kabla hajasikia kwa wengine. Mwombe akueleze usiku ule ulikwendaje: nani aliitwa wapi, zamu ilibadilika saa ngapi, paneli ilifungwa na nani. Muulize kama mwanafunzi wake, msikilize mpaka mwisho, na uandike anachokumbuka.